Bajeti Inayotarajia Tushindwe

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ina ukurasa ambao ningependa kila Mwislamu na kila Mkristo wa nchi hii ausome. Ni ule wa Jedwali la Nne, panapotajwa kazi za serikali za kaunti. Kifungu cha nne kinazikabidhi kaunti utamaduni na burudani za umma, kisha kinataja burudani zenyewe: kamari na kasino, mashindano ya mbio, leseni za pombe, sinema, maonyesho ya video, maktaba, makumbusho, michezo, bustani na fuo za bahari. Kasino na maktaba zimekaa jamvi moja. Ukirudi nyuma hadi Ibara ya 209, utakuta kwamba kodi ambazo kaunti imepewa kwa jina ni mbili tu: kodi ya ardhi na majengo, na kodi ya burudani.

Walioandika ukurasa ule walikuwa wakigawa kazi za ofisi. Hawakuwa wakitoa fatwa. Siwalaumu. Ila mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, na kwa miaka mingi sasa ni mweka hazina wa kamati ya msikiti mdogo huku Mombasa. Mweka hazina wa msikiti hapokei shilingi bila kuuliza imetoka wapi. Nimeizoea kazi hiyo hata kila waziri anaposoma bajeti na kufikia mapato ya kamari na burudani, swali hunijia lile lile. Serikali inapochukua fungu lake katika furaha ya watu, inachukua kitu gani hasa? Na ikiwa furaha yenyewe ni ya haramu, dhambi inabaki kwa mchezaji, au inafuatana na shilingi mpaka Hazina Kuu?

Swali hili lilinifikia mkononi. Tulikuwa tukichangisha fedha za kutengeneza vyoo na mahali pa kutawadhia, kwa sababu mabomba yalikuwa yameoza na maji yakipotea usiku kucha. Siku moja baada ya Alasiri akaja kijana wa bodaboda, mmoja wa niliowasomesha darasa la nne. Alivua kofia ya pikipiki, akaniamkia, akatoa bahasha ya kaki iliyokunjwa mara mbili. Ndani mlikuwa na shilingi elfu ishirini, noti za elfu elfu, mpya.

"Maalim, hizi ni za vyoo."

Nikafurahi, nikamwombea dua, nikafungua kitabu cha risiti na kuanza kuandika tarehe. Akauzuia mkono wangu.

"Usiandike jina langu, maalim. Mkeka umekubali Jumamosi."

Asiyejua lugha ya vijana na aambiwe: mkeka ni orodha ya mechi ambazo mtu amezibetia, na ukikubali, timu zote alizozichagua zimefanya alivyobashiri. Niliweka kalamu chini. Sikumrudishia bahasha, wala sikuitia katika sanduku. Niliifunga ndani ya kabati la misahafu iliyochakaa, nikamwambia nitampa jibu baada ya kamati kukaa.

Kamati ilikaa usiku ule baada ya Isha. Mzee mmoja alisema irudishwe kabla ya Alfajiri, isilale tena katika nyumba ya Mwenyezi Mungu. Mwingine, fundi wa mabomba, alisema kwamba maji yanayomwagika nayo ni israfu, na israfu pia ni haramu. Wakaanza kupandishana sauti. Imamu wetu ni mtu wa maneno machache. Aliwaacha wachoke, kisha akasema jambo ambalo tangu usiku ule sijaliacha.

Alisema fedha hii si ya kijana huyu. Ni ya watu walioshindwa ili yeye ashinde. Lau wangejulikana, kila mmoja angerudishiwa chake. Hawajulikani. Basi kijana hana haki ya kukaa nayo, na wala haiwi sadaka yake, kwa sababu mtu hatoi sadaka mali ya mwenziwe. Lakini mali haitupwi baharini. Mali ya haramu isiyojulikana mwenyewe huelekezwa kwenye manufaa ya watu wote, na anayeitoa anaitoa ili imtoke mikononi, bila kuhesabu thawabu. Imamu al-Ghazali amelizungumza jambo hili katika kitabu cha halali na haramu ndani ya Ihya yake, zaidi ya miaka mia tisa iliyopita. Vyoo ni manufaa ya wote: anaingia mswalihina na anaingia mpita njia. Basi na ziende huko.

Tukadhani amemaliza. Akaongeza: "Ya leo tunaipokea kwa sababu hatukuitaraji. Mwambieni asilete nyingine. Akija nayo mwezi ujao, sisi tutakuwa tumekwisha kumngoja."

Vyoo vilitengenezwa, na maji hayavuji tena.

Jirani yangu ni Mkristo, mtu wa kanisani hasa, na maisha yake ya kazi aliyamalizia katika idara za fedha za serikali. Nilipomsimulia habari hii alinifungulia Injili ya Mathayo, sura ya 27. Yuda amejuta, amevitupa hekaluni vile vipande thelathini vya fedha. Makuhani wakuu wanaviokota na kusema kwamba sheria haiwaruhusu kuvitia katika sanduku la hazina, kwa kuwa ni thamani ya damu. Wanashauriana, wananunua shamba la mfinyanzi liwe makaburi ya wageni. Sheria wanayoifuata ina mizizi katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 23, inayokataza ujira wa ukahaba kuingizwa katika nyumba ya Mungu kwa nadhiri. Ukitazama kwa jicho la mweka hazina, hukumu yao na ya imamu wetu ni moja: isiingie hazina ya Mungu, isitupwe, iende mahali pa haja ya watu wasio na mwenyewe.

Lakini jirani yangu alinionyesha jambo ambalo mimi sikuliona. Fedha ile ilitoka kwa makuhani wenyewe. Wao ndio waliomlipa Yuda. Walikuwa waangalifu sana mlangoni pa hazina ilipokuwa ikirudi, na hawakuwa waangalifu hata kidogo ilipokuwa ikitoka. Kule kuinunulia makaburi hakukuwatoa katika mapatano waliyoyafanya na Yuda. Tangu siku hiyo siwezi kuusoma mpango wowote wa serikali wa kutumia vizuri fedha za kamari bila kuuliza na upande wa pili: mapatano yalifanywa lini, na nani aliyafanya?

Serikali ya Kenya nayo ina shamba lake la mfinyanzi. Mwaka 2018 ulianzishwa mfuko wa michezo, sanaa na maendeleo ya jamii, unaopata sehemu kubwa ya fedha zake kutokana na kodi za kamari. Katika mfuko huo hutoka fedha za timu za taifa, za wasanii, na za mambo ya jamii kama afya. Mtu mwema ataniambia: maalim, mbona ninyi mlijenga vyoo? Serikali inajenga viwanja na inatibu wagonjwa. Kuna tofauti gani?

Hoja hii ni ya zamani kuliko Uislamu wenyewe. Wafasiri wa Qurani, wanapofikia aya ya 219 ya Suratul Baqara, hueleza kamari ya Waarabu wa zama za ujahili ilivyokuwa. Walikuwa wakichinja ngamia, wakigawa nyama mafungu, wakipiga kura kwa mishale. Aliyeshinda, mara nyingi hakula ile nyama; aliwapa maskini, akajifaharisha kwa ukarimu wake, na aliyekataa kucheza alionekana bahili. Njaa ya jangwani ilikuwa kweli, na nyama ile ililiwa na watu waliokuwa na njaa kweli. Aya haikulikana hilo. Imekiri wazi kwamba katika ulevi na kamari mna manufaa kwa watu, kisha ikahukumu kwamba dhambi yake ni kubwa kuliko manufaa yake. Mimi hilo hunigusa kila nikilisoma. Mwenyezi Mungu hakuwaambia Waarabu kwamba nyama haikuwashibisha maskini wao. Manufaa yaliwekwa kwenye mizani, yakapimwa, yakaonekana mepesi. Kwa hiyo anayekuja leo na picha ya uwanja mpya au ya wodi iliyopakwa rangi, kana kwamba picha ndiyo jawabu, hajaanza kujibu.

Nimemuuliza jirani yangu kodi hizi hukokotolewa vipi, akanieleza kwa subira, akiandika kwenye jalada la gazeti. Kampuni ya kamari inakusanya, tuseme, shilingi milioni mia za wachezaji. Inawalipa walioshinda milioni themanini. Zinazobaki, milioni ishirini, ndizo zinazoitwa mapato ghafi ya michezo ya kubahatisha, na hizo ndizo zinazotozwa ile kodi ya kamari. Nikamwambia aniandikie tena. Milioni ishirini ni nini? Ni jumla ya hasara ya watu wote waliocheza, baada ya kutoa faida ya walioshinda. Haina kitu kingine ndani yake. Mkulima akiuza chai, kodi inatozwa juu ya kitu kilichoota ardhini. Fundi akishona, kuna nguo. Hapa hakuna kilichoota na hakuna kilichoshonwa. Kinachotozwa kodi ni kiasi ambacho watu wamepoteza.

Halafu akanieleza makadirio. Kila mwaka, kabla ya fedha yoyote kupatikana, wizara inakaa na kuandika kiasi inachotaraji kupata katika kila fungu. Matumizi yanapangwa juu ya tarajio hilo: mishahara, madaraja, dawa. Ikiwa fungu halikufikia namba iliyoandikwa, wanasema pana pengo, na mtu fulani ataitwa kueleza pengo limetoka wapi.

"Kwa hiyo," nikamwuliza, "vijana wa Kenya wote wakitubu kamari mwezi wa Ramadhani, wasirudi tena, huko ofisini kwenu itakuwaje?"

Alinyamaza kidogo. "Patakuwa na pengo," akasema. "Na itabidi waziri alizibe."

Hapo ndipo neno la imamu lilipokaa mahali pake. Sisi kamati ya msikiti hatukuwa na fungu lolote lililosema: bahasha za bodaboda. Tulipokea kitu kilichokuja bila kuitwa, tukakielekeza kwenye maji, tukafunga mlango. Serikali imeandika bahasha ile mapema, mwaka mzima kabla ya mkeka kukubali au kukataa, na imeahidi mishahara juu yake. Imekwisha kumngoja kijana. Na mwenye kungoja hasara ya mwenziwe ili alipe madeni yake, hata asipocheza mwenyewe, hata kama usiku ni mtu wa tahajudi, yumo katika mchezo. Mimi sidhani dhambi inafuatana na shilingi. Inafuatana na tarajio.

Tazama jinsi nchi hii ilivyoyumba. Mwaka 2017 Waziri wa Fedha, Henry Rotich, alilalamikia kuenea kwa kamari miongoni mwa vijana na watu wa kipato kidogo, akapendekeza kodi ya asilimia 50. Wakati ule fungu la kubetia michezo lilikuwa likitozwa asilimia 7.5 tu. Wabunge walikataa pendekezo, Rais Uhuru Kenyatta akaurudisha mswada bungeni, na sheria ikatoka na asilimia 35, ikaanza kazi Januari 2018. Mwezi ule ule kampuni ya kamari ya SportPesa ikatangaza kuondoa ufadhili wake wote wa michezo ya ndani, na vilabu vyetu vikubwa vya kandanda vikabaki vinahangaika. Haukupita mwaka, sheria nyingine ikaishusha kodi hadi asilimia 15. Mwaka 2019 serikali ilikataa kuzipa kampuni 27 leseni mpya, baadhi zikafunga kazi, na ukaletwa ushuru wa asilimia 20 juu ya kila fedha inayowekwa dau. Mwaka 2020 ushuru huo ukafutwa. Mwaka 2021 ukarudi kwa asilimia 7.5. Mwaka 2023 ukapanda hadi 12.5, mwishoni mwa 2024 ukafika 15, na mwaka 2025 ukashushwa hadi 5, safari hii ukitozwa mtu anapoingiza fedha katika akaunti yake ya kuchezea.

Nimezipanga namba hizi kwa mfuatano kwa sababu zinaonyesha moyo ulivyogawanyika. Siku moja serikali inasema kodi ni fimbo ya kuwazuia vijana. Siku ya pili fimbo ikiuma kweli, kampuni zikaanza kufunga, inaogopa na kuirudisha ndani. Mtu anayetaka mwanawe aache jambo hafurahii wala hahuzuniki kwa kiasi cha faini alizokusanya. Akitaka aache, anafurahi siku faini inapokuwa sifuri. Mimi tangu nianze kufuatilia bajeti sijawahi kumsikia waziri wa nchi yoyote akisimama bungeni kutangaza kwa furaha kwamba mapato ya kamari yameporomoka.

Mwanafalsafa Mwingereza John Stuart Mill alilishughulikia jambo hili mwaka 1859, katika kitabu chake juu ya uhuru. Alikataa kodi inayotozwa kwa nia ya kuwazuia watu wazima wasinywe pombe, kwa kuwa aliiona ni marufuku iliyofichwa. Kisha akasema kwamba, kwa kuwa serikali lazima ipate kodi mahali fulani, ni halali itoze vitu ambavyo mtu anaweza kuviacha bila kudhurika, na itoze hadi pale panapozaa mapato mengi kabisa. Mill alikuwa mtu mwenye huruma na akili kubwa, na sehemu ya kwanza ya hoja yake ina nguvu. Lakini ile sehemu ya pili hainiingii hata kidogo. Pale panapozaa mapato mengi kabisa ni mahali gani, ukitafuta kwa kamari? Ni pale ambapo kodi haijawa kubwa kiasi cha kumkimbiza mchezaji, wala ndogo kiasi cha kuiacha faida kwa kampuni. Serikali iliyosimama pale haimzuii mchezaji na haimwachi huru. Imemchunguza mpaka ikajua kiasi anachoweza kupoteza kila wiki na bado akarudi Jumatatu. Huo ndio ujuzi wa mwenye kasino.

Na mchezo wenyewe umebadilika. Mkeka wa kandanda ulikuwa na mwisho: unangoja Jumamosi, mechi inachezwa, unajua. Siku hizi vijana wako kwenye Aviator, ule mchezo wa ndege inayopaa kwenye simu, na mtu anatakiwa atoe fedha zake kabla haijatoweka. Raundi moja ni sekunde chache. Nimewaona stendi ya bodaboda wakingoja abiria, vichwa vimeinama, kidole juu ya kioo cha simu. Abiria anasimama mbele yao na hawamwoni. Fedha za mafuta zinapaa na ile ndege. Hapo hakuna timu unayoipenda, hakuna jirani wa kushangilia naye goli. Kuliita jambo hili burudani ya umma, likae katika fungu moja na maktaba, ni kuwadhulumu wale wanaofurahi kweli.

Maana furaha ya kweli ipo, na dini haijaikataa. Siku ya Idi wasichana wawili walikuwa wakiimba nyumbani kwa Bi Aisha, mke wa Mtume. Abubakar, baba yake, akaingia, akakemea. Mtume, rehema na amani zimshukie, akamwambia awaache, kwa kuwa kila watu wana sikukuu yao. Tena Wahabeshi walicheza na mikuki msikitini, na yeye mwenyewe akasimama kumsitiri Bi Aisha atazame mpaka achoke. Habari hizi zimo katika Sahihi za Bukhari na Muslim. Sisi wa Mombasa tumezifuata kwa njia zetu. Tumelelewa na dufu za maulidi, na taarabu ya akina Juma Bhalo na Zein l'Abdin kwenye harusi za Mji wa Kale, na pembea za watoto uwanja wa Makadara siku za Idi. Ujana wangu ulikuwa na sinema za Naaz na Regal, ambako mama zetu walikwenda na buibui zao kulia na filamu za Kihindi, wakatoka macho yamevimba na nyoyo zimepoa.

Katika tiketi za sinema zile serikali ilikuwa na fungu lake. Sheria ya Kodi ya Burudani, Sura ya 479, ilikuwa ya tangu ukoloni, na asili ya kodi hiyo ni Uingereza, mwaka 1916, Waziri wa Fedha akiwa Reginald McKenna. Waingereza waliambiwa ni ya muda, kwa ajili ya vita. Vita viliisha mwaka 1918. Kodi yao iliisha mwaka 1960. Sikumbuki mtu yeyote Mombasa aliyeona dhambi katika kodi hiyo, nami siioni. Aliyetoka sinema alikuwa amepata alichokilipia, hakuna mwenziwe aliyefilisika ili yeye afurahi, na serikali ilichukua kidogo katika kitu kilichokuwapo. Mwaka ambao sinema zilijaa ulikuwa mwaka mzuri kwa mwenye ukumbi, kwa watazamaji, na kwa hazina. Serikali iliyotaraji ukumbi ujae ilikuwa ikiwatakia watu heri.

Hapo dhuluma inayoweza kutokea ni ya aina nyingine: uzito. Al-Maqrizi, mwanahistoria wa Misri, ameeleza kodi iliyotozwa juu ya waimbaji wa kike zama za Wamamluki. Dola iliikodisha kodi ile kwa mtu, naye akawakamua watu apendavyo, hata harusi ya mtu wa kawaida haikufanyika mpaka mwenye dhamana alipwe. Sultani al-Ashraf Shaaban aliifuta mwaka 778 wa Hijria, katika karne ya 14 ya Miladi, na mpaka leo anakumbukwa kwa jambo hilo. Marekani nayo, mwaka 1944, iliweka kodi ya asilimia 30 katika kumbi za starehe zenye dansi au waimbaji, kisha ikaishusha hadi 20 mwaka huo huo. Ukumbi wenye ala tupu, bila dansi, uliepuka. Wenye kumbi wengi wakakataza watu kucheza. Nikilifikiria hilo nasikitika: watu wamekwenda kusikiliza muziki, miguu inataka, na sheria ya mapato inawaambia wakae.

Kwa hiyo ninapomwona karani wa kaunti anafika kwenye harusi ya Majengo kudai kibali cha turubali na kipaza sauti, na hapo hapo duka la kubeti lililo mtaa wa pili lina taa usiku kucha kwa leseni iliyolipiwa, naona mambo yamegeuzwa juu chini. Harusi ile imelisha mtaa mzima pilau bila kumuuliza mtu kadi. Mjomba amekopa, shangazi ameuza bangili, na wapishi wameshinda na moto tangu Alfajiri. Ikiwa kuna kelele usiku wa manane, mtu aambiwe apunguze. Lakini kuitafutia mapato harusi ya maskini sioni inafaa kwa dola yenye adabu.

Kamari ningeitendea kwa njia ya imamu wetu. Sisemi ipigwe marufuku kesho; nchi hii ina watu wa dini nyingi na wasio na dini, na marufuku itawapeleka vijana kwa watu wabaya zaidi. Na itozwe kodi, tena nzito. Ila senti yake isiandikwe katika makadirio ya mwaka ujao. Iingie katika kitabu chake peke yake, ihesabiwe baada ya kupatikana, na itumike kwa jambo linalomalizika: kisima kichimbwe, choo cha soko kijengwe, mtu aliyeharibiwa na kamari atibiwe na watoto wake walipiwe karo. Usiwekwe juu yake mshahara wa mtu yeyote, wala jezi za timu yoyote, kwa sababu timu inayovishwa na kamari itakuwa ya kwanza kuitetea bungeni. Ikitokea mwaka kitabu kile hakina kitu, hakuna daktari atakayekosa mshahara na hakuna waziri atakayeitwa kueleza pengo.

Najua wataalamu watasema hakuna serikali inayoweza kuendesha bajeti hivyo. Kamati yetu ya msikiti, ambayo kwa miaka mingi haijawahi kuwa na fedha za kutosha kwa jambo lolote, imeweza. Tumebaki na mabati yanayovuja upande wa wanawake kwa misimu kadhaa ya mvua kwa sababu ya fedha ambazo hatukuzikubali. Haikuwa rahisi kuwaeleza akina mama walioswali nguo zimeloa. Walielewa.

Mswada wa Fedha, wa taifa na wa kaunti, huletwa kwa wananchi watoe maoni kila mwaka. Katiba ile ile inalazimisha hivyo. Nakuomba uende, wewe na imamu wako au mchungaji wako. Tafuta mstari wa kamari katika makadirio, uweke kidole, umuulize afisa aliye mbele yako: mwaka ujao mnataka namba hii ipande au ishuke? Mngoje ajibu, na hakikisha jibu lake limeandikwa katika kumbukumbu za mkutano.